Kamba Haikukatika

Kaka Omari,

Mtu akiandika barua huanza kwa kumuuliza mwenziwe hali, kisha akaeleza uzima wake. Hali yako mimi sina haki ya kuiuliza, iko kwa Mola wako. Yangu si nzuri. Sababu yake ulikuwa ukiijua wewe na mimi, na sasa wanaijua na watu wengine. Nilitaka uisikie na kutoka kwangu, kwa herufi hizi hizi ulizonifundisha kwa mkaa juu ya kibao cha mzinga, wakati marehemu baba akisema msichana akihitimu Kurani yamtosha.

Naanza na ile siku, kwa kuwa yote sijapata kuisema mahali pamoja.

Desturi yetu haikuwa kurina asali mchana. Tangu vita vikaribie bahari yetu na askari wajae Mtongwe, ikaja amri kwamba jua likishatua pasiwe na moto wa nje Likoni nzima. Ukasema mwenge wa makuti juu ya mti utaonekana mpaka ng'ambo, na hutaki kufungwa kwa ajili ya asali. Ndipo tukaanza kurina alasiri, saa ambayo nyuki wakongwe, wale wakali, wako nje mauani, na kila anayerudi anakuta nyumba yake inavunjwa.

Mshika kamba alikuwa Katana sikuzote, yule rafiki yako Mrabai uliyekutana naye kazini bandarini na akawa kama mtoto wa nyumba yetu. Siku ile alikuwa amepata kibarua cha kupakua meli. Ukasema, "Tungoje kesho, Katana arudi." Mimi ndiye niliyesema nitashika. Nilikuwa nimechoka kuwa mtu wa kupuliza moshi tu. Ukanitazama, ukacheka, ukaniambia nizungushe kamba mara mbili kwenye shina la mkanju na nisiiachie mpaka mzinga uguse chini.

Niliizungusha mara mbili, wallahi. Ulipoufungua mzinga kwenye tawi ukaning'inia, nilisikia uzito wake mikononi nikafurahi. Nikaanza kuilegeza kamba polepole. Mzinga ulikuwa umefika kimo cha mtu juu ya kichwa changu nyuki mmoja aliponichoma kwenye kope la jicho la kulia.

Ulikuwa umenifundisha tangu mdogo. Ukichomwa usipige, kwangua mwiba kwa ukucha, fukiza moshi palepale, maana ule mwiba una harufu kama ya ndizi mbivu, na harufu hiyo ndiyo inayowaita wenziwe. Nilijua yote hayo. Nikapiga. Nilipiga kwa mikono yote miwili, kaka, na kamba ikawa haina mtu.

Mzinga ulianguka ukapasuka. Nilisikia ule mvumo. Nawe ulikuwa ungali juu, umekaa kwenye tawi bila moshi, kwani chetezo cha moshi kilikuwa chini kwangu. Neno lako la mwisho kwangu lilikuwa "Kimbia." Nikakimbia. Nilipogeuka nilikuona unashuka huku umefumba macho, ukipapasa shina kwa miguu, halafu mikono ikakuachia.

Watu walikuja na mablanketi na makuti ya moto. Bi Riziki jirani yetu ndiye wa kwanza kunishika. Akaniuliza, "Imekuwaje?" Nikasema, "Kamba." Akauliza, "Imekatika?" Nikaitikia kwa kichwa.

Ndivyo nilivyodanganya. Sikutunga maneno. Niliulizwa nikaitikia kwa kichwa, na mpaka tunakuingiza ndani, uso umevimba hata mama hakuutambua, habari ilikuwa imeshazunguka mtaa mzima kwamba kamba ilikatika. Na kamba alisokota nani? Katana, kwa makumbi ya nazi, hapo barazani kwetu, akiimba nyimbo za kanisani kwao na mama akimtania kwamba anawahubiria nyuki. Ulikata roho kabla ya adhana ya magharibi.

Katana alikuja kesho yake kuzika. Alisimama kando ya njia, kichwa wazi, kofia mkononi, akingoja jeneza lipite ili afuate nyuma. Ami Salehe akatoka kwenye safu akamwendea. Nilikuwa dirishani nikasikia. Alimwambia, "Kamba yako imeshamzika. Wewe huna la kuzika hapa. Na nyumba hii usiikanyage tena." Katana alitazama upande wa dirisha, sijui kama aliniona, akavaa kofia yake akaenda. Siku ya pili nikasikia amehama Likoni, yuko Mikindani kwa dadake.

Mama alikaa eda ya moyo, kama aliyefiwa na mume mara ya pili. Siku ya tatu aliniita. Nikasema abee, nikapiga magoti karibu yake. Akasema, "Arobaini ikipita, ile mizinga iliyobaki nataka ichomwe yote. Sitaki kusikia nyuki shambani kwangu." Nikasema haya.

Sasa nikuambie habari za nyuki, maana najua ungeziuliza kabla hujauliza habari zangu.

Mzinga ulioanguka ulikufa. Masega yalikanyagwa na watu, majana, watoto wa nyuki, wakaliwa na siafu usiku huo huo, na mama wa mzinga nadhani alipondwa palepale. Wewe hukupenda kumwita mfalme kama wanavyomwita wengine. Ulisema, "Mfalme gani asiyetoa amri? Huyu kazi yake ni kuzaa. Mwite mama." Lakini nyuki waliosalia hawakutawanyika. Walining'inia bumba moja kwenye mkanju siku mbili, kisha wakaingia kwenye ule mzinga mtupu uliokuwa umeupaka nta na kuutundika hatua chache tu kutoka pale. Mimi sikuweza kukaa na wanawake wa matanga. Kila aliyenikumbatia alinipa pole na kumlaani Katana kwa pumzi moja. Nikawa natoroka alasiri kwenda kuusikiliza mzinga ule.

Unakumbuka ulivyonifundisha kusikiliza? Nilikuwa na miaka tisa au kumi. Ulinibeba mabegani, ukanibandika sikio kwenye ubao, ukagonga kwa kidole. Ukasema penye mama hunguruma mara moja wakanyamaza, na pasipo na mama hulia kama watu wa msibani, hawanyamazi upesi. Nikagonga. Walilia. Walilia mpaka nikaondoa sikio nikahisi bado nawasikia.

Nikawachungulia mlangoni kila siku. Hakuna aliyeingia na unga wa maua miguuni, maana hakuna mtoto wa kulishwa. Walikuwa wakizurura kwenye tundu, ngozi zao zikianza kung'aa kwa uzee. Madume yalikuwa mengi, yakiingia na kutoka kama wageni kwenye karamu. Nikakumbuka siku nilipoachwa na mume nikarudi nyumbani na sanduku langu, na mtaa mzima ukinitazama kwa huruma, nawe ukaja kulipokea ukasema, "Nyuki wakiona njaa inakuja humtoa dume mlangoni. Umechelewa tu kumtoa wako." Nilicheka siku ile na machozi yananitoka. Hakuna mwingine aliyenifanya nicheke mwaka ule.

Ilikuwa siku ya kumi na moja tangu uzikwe. Nilikuwa nimeegemea mzinga huo nikakumbuka jambo uliloniambia ambalo sikukuamini. Uliniambia yai la nyuki kibarua na yai la mama ni yai moja. Kinachowatofautisha ni chakula anacholishwa na chumba anachojengewa. Kwa hiyo nyuki waliofiwa na mama, ukiwapa kipande cha sega lenye mayai kutoka mzinga mwingine, watachagua mmoja katika watoto wasio wao wamlee awe mama. Lakini ukasema lazima yawe mayai au majana wa juzi na jana, maana mtoto akishakua hageuki tena. Na nyuki wenyewe wakikaa sana bila mama, vibarua huanza kutaga wao, na wao hawazai ila madume, na mzinga huo tena hauponi. Nilikuambia hizo ni hadithi zako. Ukasema, "Siku moja utaona."

Nikajua zimebaki siku chache. Na nikajua siwezi peke yangu kupanda mkwaju, palipo na mzinga wetu mwingine, kuufungua na kukata sega la mayai bila kulipondaponda. Mtu mmoja tu angeweza.

Nilimwambia mama naenda kumtazama rafiki yangu aliyejifungua. Uongo wa pili, nao ulikuja kwa urahisi kuliko wa kwanza, na jambo hilo lilinitisha. Nikavuka kivuko, nikapanda lori la mizigo mpaka Changamwe, nikamaliza kwa miguu. Nilimkuta Katana anapalilia mihogo ya dadake. Nilipopiga hodi aliniona, akaweka jembe chini kwa utaratibu, akasema, "Karibu, dada." Akanitandikia mkeka, akaniletea maji ya dafu. Hakuniuliza kilichonileta.

Nilianza na nyuki, kwa woga. Nikamweleza mlio, na madume, na mayai. Alisikiliza vizuri, akauliza maswali ya mtu anayejua kazi. Akasema sega likatwe kutoka mzinga wa mkwaju kwa kuwa wale ni wapole na mama yao ni mzazi. Nikamwambia sijui kulikata. Akasema, "Mimi nimekatazwa kukanyaga kwenu." Kisha akainuka akaingia ndani, akatoka na kamba.

Kaka, ilikuwa ileile. Nilidhani ilitupwa. Kumbe jioni ile aliposikia habari alikimbia moja kwa moja mpaka chini ya mkanju kabla hajafika nyumbani, akaikuta kwenye majani, akaichukua. Aliiweka mapajani mwangu. Akasema, "Nimeishika pima kwa pima, mwanzo mpaka mwisho. Fundo langu liko huku na fundo langu liko huku. Haina jeraha."

Nikamwambia. Kope, mikono, Bi Riziki, kichwa changu kilivyoitikia. Nilimwambia huku nimeangalia chini. Nilipomaliza nilimuuliza kwa nini hakusema, na hali ushahidi alikuwa nao mkononi. Akasema, "Ningesema, wewe ungebaki wapi? Mama ana wewe tu sasa. Mimi nina kwetu pa kurudi." Nikaanza kulia, nikamwita ndugu yangu. Akanizuia kwa mkono. "Usidhani ni wema mtupu, Mejumaa. Nilikasirika. Ningali na hasira. Omari alikuwa rafiki yangu na nimenyimwa hata kumtupia mchanga. Nimekuwa nikikungoja uje mwenyewe, na kila siku uliyochelewa nimeihesabu."

Nikaikunja ile kamba, nikamrudishia.

Akasema atakuja kukata sega, kwa ajili yako. Lakini hatapita nyuma ya shamba kama mwizi. Atakuja Jumamosi asubuhi, atapita mbele ya baraza la mama, na mimi nijue nitakavyofanya kabla ya siku hiyo.

Nilikuwa na siku mbili. Ya kwanza niliipoteza. Nilifua, nikakuna nazi, nikafagia uwanja mara tatu. Ya pili, baada ya chakula cha mchana, Ami Salehe akiwa amekuja kumjulia hali mama, nilikaa chini mbele yao nikasema kamba haikukatika, niliiachia mimi.

Ami Salehe alidhani ni huzuni imenipanda kichwani. Akasema, "Mtoto huyu apumzishwe." Nikaeleza upya, polepole, mpaka uso wake ukabadilika. Akatazama mikono yake. Akasema, "Nilimfukuza mtu njiani mbele ya maiti," akarudia maneno hayo, kisha akachukua fimbo yake akatoka bila kuaga.

Mama alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Aliendelea kuchambua. Nilikaa pale mpaka alasiri. Nilimwomba radhi, nikamshika miguu, hakuiondoa wala hakunigusa. Mwisho akasema, "Usiniombe msamaha leo. Sina. Nikikupa leo nitakuwa nakudanganya, na katika nyumba hii uongo umetosha. Nikiupata nitakuambia." Kisha akasema, bado anatazama mchele, "Nami nilitaka kuwachoma nyuki kwa kosa lisilo lao. Waacheni."

Jumamosi Katana alikuja. Jua lilikuwa halijawa kali. Alipita mbele ya baraza, kama alivyosema. Ami Salehe alikuwa amekaa pale tangu alfajiri, amevaa kanzu ya Ijumaa. Akasimama, akampa mkono wa kulia, akausaidia kwa wa kushoto, akasema, "Nilikukosea mbele za watu, nami nitalisema mbele za watu." Katana akaitikia, "Haya, mzee wangu." Hakusema yameisha. Mama alitoka, akamwambia, "Mwanangu, umekonda," akarudi ndani, na nilimsikia analia kwa sauti kwa mara ya kwanza tangu ufe.

Tukaenda shambani. Katana alipanda mkwaju na moshi kidogo tu wa makumbi. Alikata kipande cha sega kama kiganja changu. Mayai yalikuwa yamesimama ndani ya vyumba vyake kama vipande vidogo vya uzi mweupe, na majana wadogo wamelalia maziwa yao. Nilikibeba kwenye leso yangu niliyoipasha joto kifuani. Katana akawa nyuma yangu akinionya, "Usikigeuze juu chini. Usikitikise. Kivuli, kivuli." Tukakifunga kwa njiti za makuti ndani ya ule mzinga unaolia, tukafunika. Nilichomwa mara nne. Sikupiga. Nilikwangua kila mwiba kwa ukucha, nikafukiza moshi palepale.

Siku ya pili walikuwa wamekishika kipande hicho kwa nta. Siku ya nne nilichungulia kwa kioo kidogo nikaona wamejenga vyumba vitatu virefu vinavyoning'inia kama karanga. Siku ya kumi na mbili nilibandika sikio, nikasikia sauti ambayo wewe hukuniambia. Ilikuwa nyembamba, kama mtoto anayepuliza jani: moja ndefu, kisha fupi fupi. Na kutoka mahali pengine ndani ya mzinga nyingine nzito ikaijibu. Nilikimbia kumwita Katana, akasikiliza, akasema ndiye mama mpya aliyetoka, anajitangaza, na mwenziwe angali chumbani anamjibu, na mmoja wao hataiona kesho. Sijui kama wewe uliwahi kuisikia sauti hiyo. Ingeniuma kujua hukuwahi.

Wiki kadhaa zimepita tangu siku hiyo. Juzi nimewaona wakirudi na unga wa manjano miguuni. Nikagonga, wakanguruma mara moja, wakanyamaza.

Nimekuwa nikifikiri, kaka. Wale waliokuchoma walikufa siku ile ile, maana nyuki akiacha mwiba wake haishi. Wenzao waliolia mzingani nao wameisha kwa uzee, mbawa zimechanika. Waliomo sasa ni watoto wa mama mwingine, hawakuijua siku hiyo wala hawajui jina lako. Hakuna hata mmoja aliyebaki wa siku ile. Nimebaki mimi.

Ami Salehe alitimiza. Ijumaa moja baada ya sala alisimama mlangoni mwa msikiti akasema jina la Katana na akaungama kosa lake mwenyewe la kumfukuza. Jina langu hakulitaja, lakini watu wana masikio, na Bi Riziki haniamkii tena. Sawa. Katana amerudi Likoni, anakuja kutazama mizinga, ananisemesha mambo ya kazi na hayazidi hapo. Asubuhi moja nilimpeleka kaburini kwako. Alichukua mchanga mkono mmoja akauweka, akakaa kwa muda mrefu. Nilisimama mbali.

Mama bado hajaniambia. Tunakula sinia moja, ananituma, namwitikia, ananiuliza kama nimefunga mlango. Neno lile halijaja. Kuna mtu wa Kisauni ameleta posa, mtu mzima, mpole, na Ami Salehe anaona ingenifaa kuondoka mtaa huu. Nimekataa. Si kwamba najiadhibu. Ni kwamba siku ile nilikimbia, nawe ndiwe uliyeniambia nikimbie, nami sitaki deni la kukimbia tena.

Nakuahidi jambo moja, kwa kuwa mengine sina uwezo nayo. Nitakaa na mama. Siku atakapoupata ule msamaha na kunipa, au siku atakapofumba macho bila kuupata, nitakuwa chumba cha pili, nasikia akiniita.

Mungu akupanulie mahali ulipo. Nisamehe wewe kwanza, ikiwa huko mnaweza.

Nduguyo,
Mejumaa